Kobe Mchanga Nyumbani: Amana Inayomzidi Mwenye Nyumba Umri

Mvua za kwanza za Novemba zikishailainisha ardhi ya Kahama, iliyokuwa imekauka na kupasuka tangu Juni, hutokea juu yake viumbe ambao muda wote wa kiangazi hawakuonekana. Na miongoni mwao yuko mmoja ambaye watoto wa kata ya Nyasubi hawakosi kumleta nyumbani, kiganjani au ndani ya mfuko wa kaptura, naye ni mtoto wa kobe. Gamba lake lina urefu wa sentimita 4 au 5, uzito wake wote kwa kawaida haufiki gramu 50, rangi yake ni manjano yenye mabaka meusi, na macho yake humtazama mtu bila ya woga wala urafiki. Mama akiuliza kimetoka wapi hicho, jawabu halitofautiani sana: kimeokotwa kando ya jaruba la mpunga, au katika ngitili ya babu, yale malisho yaliyofungwa, huko shamba, au njiani tu. Baba akirudi jioni humtazama, hucheka, husema mwacheni. Na hivyo, bila ya baraza wala mashauri, nyumba imepata mkazi mpya ambaye, akijaliwa, atawazika wote waliomo.

Nimesema akijaliwa, kwa kuwa aghalabu hajaliwi. Wengi wa kobe wachanga wanaoingizwa majumbani hawauoni mwaka wa pili, na ajabu yake ni kwamba hawafi kwa kupigwa wala kwa kunyimwa, bali hufa kwa kupendwa na watu wasiojua wanataka nini. Kifo chao hakina kelele. Kobe ni mnyama ambaye joto la mwili wake hutoka nje, kwa jua na kwa ardhi, na mambo yake yote ya ndani huenda kwa taratibu: chakula husagwa taratibu, jeraha hupona taratibu, na maradhi hujenga makao yake taratibu vilevile. Kuku akiugua asubuhi mwenyewe ameshajua kabla ya adhuhuri. Kobe huharibiwa na chakula cha Januari akafa mwezi Mei, na waliomlisha hawaoni uhusiano wowote baina ya mambo hayo mawili, wakasema ni kudura, wakatafuta mwingine.

Watu wetu husema kwamba ukimwona kobe kainama, anatunga sheria. Lakini sheria inayomhusu yeye mwenyewe imekwisha tungwa na wengine, nayo ni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, ambayo inasema kwamba wanyamapori wote wa nchi hii ni mali ya umma, nao wamo katika dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Maana yake kwa mkazi wa Nyasubi ni hii: kobe aliyeokotwa shambani hana hukumu moja na embe lililoanguka. Kumweka nyumbani bila ya kibali ni kosa, na hata gamba tupu linalosalia baada ya kufa kwake huhesabiwa nyara ya serikali, jambo ambalo limewafikisha watu mahakamani wakiwa hawana walichokusudia ila kulitundika ukutani. Sheria haikufunga mlango wote. Ziko leseni za bustani, mashamba na ranchi za wanyamapori, na mwenye nia ya dhati anaweza kuziomba. Bali kwa biashara ya kuwapeleka wanyama hai ng'ambo mkono wa serikali ulikuwa mzito zaidi: mwaka 2016, katika zama za Waziri Jumanne Maghembe, usafirishaji huo ulipigwa marufuku kwa miaka 3, na hapana shaka kwamba kobe walikuwamo katika hesabu ya wanyama ambao nchi ilikuwa imechoka kuwaona wakitoka.

Basi swali la kwanza la mlezi si kobe huyu anakula nini, bali ni wa nani. Na jawabu la swali hilo, kwa yule aliyemwokota leo, ni jepesi kuliko adhaniavyo. Wengi huwachukua kwa huruma, wakidhani wamempata yatima aliyepotewa na mamaye. Huruma hiyo ni njema lakini imekosa mahali pake, maana kobe hajui malezi ya mama. Kobe jike huchimba shimo kwa miguu ya nyuma, akataga mayai, akayafukia kwa uangalifu wa kustaajabisha, kisha akaenda zake asirudi. Na kwa kobe wa madoa, ambaye ndiye wa kawaida katika nchi zetu hizi, mayai hayo hukaa ardhini miezi 8 na hata zaidi ya mwaka mzima, yakingoja joto na mvua. Mtoto hujipasulia ganda mwenyewe, hujifukulia njia mwenyewe, na tumboni mwake hutoka na akiba ya kiini cha yai inayomtosha kwa siku zake za mwanzo. Kwa hiyo umwonapo peke yake katika majani, hajapotea, yuko kwao. Fadhila kubwa ya kumtendea ni kumrudisha siku ile ile, mahali pale pale alipookotwa, chini ya kichaka, asubuhi au jioni, si katika jua la mchana. Kama alitumbukia katika duara la wachimbaji lililoachwa wazi, kama wengi wanavyotumbukia katika ukanda huu wa dhahabu kuanzia Bulyanhulu hadi Geita, inatosha kumtoa na kumweka ng'ambo ya shimo.

Lakini si kila kobe anaweza kurudishwa. Yuko ambaye haijulikani alikotoka, yuko aliyekaa mwezi mzima na kuku na mbwa hata ikawa kumwachia ni kupeleka maradhi porini, na yuko mgonjwa. Hao ni wa kupelekwa kwa afisa wanyamapori wa halmashauri. Na maadamu shauri lao halijaamuliwa, au ikiwa kibali kimepatikana, ni haki yao watunzwe kwa ilimu.

Ilimu hiyo huanza kwa kumjua ni kobe gani, maana nchi yetu ina zaidi ya mmoja, na mlo wa huyu si mlo wa yule. Kobe wa madoa, mwenye gamba lililopanda juu, ni mla majani na nyasi. Yuko mwingine, mwembamba zaidi na wa hudhurungi, ambaye akipevuka gamba lake la mgongo hupata bawaba kwa nyuma akaweza kulifunga. Huyo wataalamu walimpa jina la Speke, Mwingereza aliyepita Unyamwezi mwaka 1858 na tena mwaka 1861, na kobe huyo, mbali na majani, hula uyoga, konokono na majongoo, hata ukimlisha nyasi tupu umemdhulumu. Na yuko wa tatu, kobe bapa, ambaye gamba lake ni jepesi na laini, akiishi katika nyufa za miamba na kutaga yai moja tu kwa mara moja. Friedrich Siebenrock wa Vienna, aliyemtangaza huyo kwa ulimwengu wa ilimu mwaka 1903, alitumia kielelezo kilichotoka Busisi, pale ambapo sasa daraja refu linavuka ghuba ya Ziwa Viktoria. Kobe bapa ameandamwa mno na wanunuzi wa ng'ambo, na tangu mwaka 2019 biashara ya kimataifa ya kobe bapa waliokamatwa porini imekatazwa na mkataba wa CITES. Atakayemwona, na amwache katika ufa wake.

Nitasema juu ya kobe wa madoa, kwa kuwa ndiye aletwaye.

Makao yake ya kwanza, mara nyingi, ni karai au ndoo, na hapo ndipo msiba unapoanza. Karai la bati likiwekwa juani saa sita humuua kwa muda mfupi, kwani hana pa kukimbilia. Na ndoo yenye maji ni mauti, maana watoto humfananisha na kasa, wakamtia humo aogelee, ilhali kobe wa nchi kavu hajui kuogelea. Anachotaka ni kizimba ardhini, chenye ukuta wa mbao au matofali asioweza kuona ng'ambo yake, maana akiona upande wa pili kupitia wavu atausukuma mchana kutwa kwa imani kwamba njia ipo. Juu yake pawekwe wavu, kwa kuwa kunguru, mwewe, paka, na hata kuku tetea tunayemdhania hana ubaya, humdonoa na kumla. Nusu ya kizimba iwe juani na nusu kivulini, wakati wote, ili achague mwenyewe. Chini pawe na udongo wa kawaida wenye majani, na pembe moja iwe na unyevu ambamo ataweza kujifukia. Na hapa namhadharisha msomaji wa migodini: mchanga wa marudio, ule uliokwisha pita mialoni, usitumike kamwe, hata ukiwa safi machoni, maana una zebaki, na penye mitambo ya kuchenjua una sianidi pia, na kobe hula chakula chake pamoja na udongo ulionasa humo. Usiku aingizwe ndani, katika sanduku la mbao lenye nyasi kavu, kwa sababu ya panya na siafu, na kwa sababu ya baridi ya Juni na Julai ambayo sisi twaivalia koti na yeye hana.

Huko Ulaya wapenzi wa kobe hununua taa za gharama zinazotoa mfano wa mionzi ya jua, wakazibadilisha kila baada ya miezi kadhaa, wakalipia umeme mwaka mzima, ili mnyama wao apate kile ambacho Nyasubi hupatikana bure kuanzia asubuhi. Jua si anasa kwa kobe. Gamba lake si nyumba aliyoingia, kama hadithi za watoto zisemavyo, bali ni mifupa yake mwenyewe: mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo, lina damu na lina hisia. Kulijenga kunataka madini ya kalisi, na kalisi haifyonzwi mwilini bila ya vitamini D, na vitamini hiyo kobe huitengeneza katika ngozi yake kwa jua halisi, si kwa mwanga upitao katika kioo cha dirisha. Kobe aliyefungiwa chumbani, hata akilishwa vizuri namna gani, gamba lake hulegea, taya zake hupinda, mwisho hawezi kutembea.

Kalisi yenyewe porini huitafuta kwa bidii ambayo yaweza kumchukiza mtu mwenye adabu: hutafuna mifupa mikavu, na hutafuna kinyesi cha fisi, kile cheupe kilichojaa unga wa mifupa. Nyumbani hatuna haja ya kufika huko. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa laini, yakinyunyizwa juu ya majani mara chache kwa juma, yanatosha. Na penye mfupa wa ngisi, aachiwe autafune apendavyo.

Ama chakula, Mwenyezi Mungu amekiotesha mlangoni. Mchunga, ule mchungu ambao bibi zetu huuchuma kwa mboga, ni miongoni mwa vyakula bora kabisa alivyoandaliwa kobe; ukoka nao, na majani ya kunde, na matembele kwa kiasi, na majani ya dungusi kakati yaliyoondolewa miiba na kukatwakatwa, na maua ya magugu ya kila namna. Mpangilio wenyewe ndio wenye siri: nyasi na magugu yawe mengi, mboga za bustani ziwe chache, matunda yawe kama hayapo. Mchicha, ambao ndio mboga ya kwanza kumfikia kila mtu mkononi, usiwe wa kila siku, kwa sababu una tindikali inayoifunga kalisi isifyonzwe. Nyanya, ndizi na tikiti humpendeza sana, naye atavikimbilia kwa kasi usiyoitarajia kwa kobe. Lakini sukari yake huvuruga tumbo lililoumbwa kwa majani makavu. Ugali, wali, mkate, nyama, dagaa na maziwa havimhusu hata kidogo. Najua kwamba katika mji wa mpunga kama Kahama, punje za wali ndizo za kwanza kurushwa kwa kila kiumbe kilicho uani, na najua kwamba maziwa hutolewa kwa mapenzi, kwa kuwa ni mtoto. Lakini mtoto wa kobe hakuumbiwa kunyonya, na kumpa maziwa ni kumpa ugonjwa ndani ya kisahani. Na majani yasichumwe kando ya shamba la pamba au jaruba lililopigwa dawa hivi karibuni.

Maji ndiyo yanayosahauliwa kuliko yote, kwa sababu watu hudhani mnyama wa nchi kavu hana haja nayo. Kobe mkubwa huweza kuvumilia kiangazi, mchanga hawezi. Kila siku, katika miezi yake ya mwanzo, awekwe katika sinia pana lenye maji ya uvuguvugu yasiyopita kidevu chake, kwa muda wa dakika 15 hivi, asimamiwe asipinduke. Humo atainamisha kichwa anywe kwa muda mrefu, na humo atatoa kitu cheupe kama chokaa kilichochanganywa na maji, ambacho wengi hukiogopa kumbe ni mkojo wake mzito, dalili kwamba figo zinafanya kazi. Baada ya hapo hukaushwa, hurudishwa kizimbani. Kobe aliyekulia katika ukavu na vyakula vya nguvu nyingi huota vinundu juu ya kila pande la gamba, na vinundu hivyo havifutiki tena: kosa la miezi 12 ya kwanza husomwa na kila amtazamaye miaka 40 baadaye.

Ziko desturi mbili za mitaani ambazo sina budi kuzitaja kwa majina yake. Moja ni kutoboa gamba ili kupitisha kamba, na ya pili ni kulipaka rangi, au rangi ya kucha, ili asipotee. Ya kwanza ni sawa na kumtoboa mtu mfupa akiwa macho. Ya pili humzibia gamba na kumtia sumu. Watoto nao wafundishwe kwamba kobe hutazamwa zaidi kuliko kushikwa, kwamba akidondoka sakafuni aweza kupasuka, na kwamba kila aliyemgusa anawe mikono kwa sabuni kabla ya kutia kitu kinywani, kwani kobe, hata mwenye siha, hubeba vijidudu vya salmonela ambavyo kwa mtoto wa chini ya miaka 5 si jambo la mzaha.

Akianza kutoa mapovu puani, au macho yakavimba na kufunga, au akakaa siku kadhaa asile ilhali jua lipo, apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kungoja. Madaktari wetu wa Shinyanga ni mabingwa wa ng'ombe, wala si aibu yao, maana nchi hii ni ya ng'ombe. Lakini mwenye kobe na alikumbuke jambo moja alitamke mwenyewe akifika zahanati. Ivermektini, dawa ya minyoo na kupe ambayo kila mfugaji wa kanda hii anayo au anaijua, ni sumu kwa kobe: humpooza, na aghalabu humuua. Mtu asimchome kobe wake sindano iliyobaki ya ndama.

Tuseme sasa mambo yote yamekwenda sawa, naye amekua. Baada ya miaka 15 au 20 atakuwa na uzito wa kilo nyingi, atasukuma mlango, atakula bustani yote ya mboga, na bado atakuwa kijana, kwa kuwa kobe wa madoa huishi miaka 50 na zaidi. Wakubwa wa jamii yake wamevuka hapo mbali: Jonathan, kobe wa kisiwa cha St Helena, aliletwa huko mwaka 1882 akiwa tayari mkubwa. Kahama ni mji wa watu wanaohama. Mchimbaji akisikia dhahabu imetoka Chunya, kesho yake chumba kimefungwa na godoro limepakiwa. Na katika vitu vinavyoachwa kwa jirani, au visivyoachwa kwa mtu yeyote, kobe ndiye wa kwanza. Mtu asiyejua atakapolala mwezi ujao anachukuaje dhamana ya mnyama atakayemhitaji mjukuu wake?

Na hata penye makazi ya kudumu, tamaa haiko mbali. Katika kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Unguja, waliletwa mwaka 1919 kobe wakubwa 4 wa Aldabra, zawadi ya gavana wa Shelisheli. Wakazaana hata kufikia 200 hivi mwaka 1955. Kisha wezi wakawaandama kwa ajili ya kuliwa na kuuzwa ng'ambo, hata mwaka 1996 wakabaki 7 tu. Watoto wa kobe walioletwa mwaka huo kuongeza idadi, nao nusu yao wakatoweka. Leo wanalindwa katika ua, na hao wachanga hutunzwa kwa kufungiwa peke yao, mbali na mikono ya wageni.

Kwa kobe wetu wa bara hakuna ua unaofaa kama ngitili. Wakati wa Waingereza misitu ya Shinyanga ilifyekwa kwa vita vya mbung'o, ikafuata mifugo na mashamba, hata nchi ikawa uwanja mtupu. Kisha kuanzia mwaka 1986, kwa mradi wa kuhifadhi ardhi uitwao HASHI, watu wenyewe wakaanza kuzirudisha ngitili za kale, kila kaya na kila kijiji na yake, na pamoja na majani ya ng'ombe wakarudi ndege, nyuki, na hawa watembea polepole ambao hakuna aliyewaalika. Mwenye ngitili iliyofungwa vizuri anawafuga kobe wengi kuliko mwenye kizimba, tena bila ya leseni wala gharama ya maganda ya mayai.

Kwa hiyo, ewe msomaji ambaye mwanao ameleta kobe mchanga wiki hii: kama mahali alipookotwa panajulikana, mshike mtoto mkono mwende naye pamoja mkamrudishe hapo hapo, wala si katika pori jingine lolote, hata likiwa zuri zaidi, kwani ugeni humtaabisha na maradhi huhamia pamoja naye. Kama hapajulikani, au kama amekwisha kaa nyumbani muda mrefu, mpe maji leo, mwekee kivuli, kisha siku ya kazi itakayofuata fika kwa afisa wanyamapori wa halmashauri yako, au kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, ueleze ukweli wote kabla hujaulizwa.